Tupeane uzoefu: mbwa alikuwa akikueleza nini kabla hajakuuma?

MamaTito_Umoja: Jana jioni mbwa wa ploti ya jirani alimkaribia mwanangu huku akitikisa mkia, nikamvuta mtoto, naye mwenye mbwa akaudhika na kuniambia kwamba mbwa anayetikisa mkia hana nia mbaya. Mimi niliona mkia umesimama wima, umekakamaa, na ncha yake tu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka. Waliofuga mbwa na walioumwa nao, tafadhali tuelezane.

BabaNeema: Jirani yako alisema kweli. Nimefuga mbwa tangu ujana wangu, na mkia haudanganyi.

MsomaMita: Mkia haudanganyi, lakini si mkia peke yake unaosema. Kazi yangu ni kusoma mita za maji, na kibao cha "Mbwa Kali" nimekizoea kiasi kwamba sikioni tena. Siku moja, katika boma fulani la Lavington, askari wa geti alinihakikishia kwamba mbwa hufunguliwa usiku tu, nikaingia hadi kwenye mita iliyokuwa karibu na banda, na hapo nikamkuta amesimama bila mnyororo. Hakubweka. Alikuwa akihema mdomo wazi, akaufunga ghafla; akageuza kichwa kando kidogo, lakini macho yakabaki kwangu, hata weupe wa jicho ukaonekana kama mwezi mwandamo. Alilamba pua upesi, ingawa hapakuwa na chakula. Masikio yalilala nyuma, uzito ukarudi kwenye miguu ya nyuma, kisha mwili wote ukaganda. Kule kuganda ndiko ninakokuota hadi leo. Kalamu yangu ilianguka, nikainama kuiokota, naye akanirukia na kuning'ang'ania pajani. Askari alipomwondoa alisema, "Mzee, huyu hajawahi kuuma mtu."

Shiru_Githurai: Uuu, pole sana, mzee! Ulidungwa sindano za kichaa cha mbwa?

MsomaMita: Nilidungwa zote. Kabla ya hapo niliosha jeraha kwa sabuni na maji ya mfereji kwa dakika 15, kama tulivyoelekezwa kazini. Mwenye boma hakunijulia hali hata kwa simu.

Shiru_Githurai: Hapo ndipo ninapowakasirikia matajiri.

KijanaWaBoda: Mzee, ungeinama mapema kana kwamba unaokota jiwe, angetoroka. Ishara hiyo kila mbwa wa Nairobi anaielewa.

MtunzaMbwa_Karen: Kijana, soma tena kisa: aliinama, akaumwa. Mbwa wa mtaani hukimbia kwa kuwa amewahi kupigwa mawe. Mbwa wa boma anayeogopa huona tu mtu akimjia juu. Simama wima, mikono iwe chini, tazama kando, kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Yule mbwa alikuwa na hofu, na alieleza kila kitu kwa utaratibu, ila hakunguruma, na nadhani ninajua sababu. Wengi wanaofuga mbwa humpiga anaponguruma, naye hujifunza kunyamaza bila kujifunza kuwapenda wageni, ndiyo maana siku akiuma watu husema ameuma bila onyo.

BabaNeema: Kwa hiyo nimwache aningurumie katika nyumba ninayolipia kodi? Mbwa ana akili. Wangu akitafuna kiatu, hufyata mkia na kuinamisha kichwa kabla sijasema neno. Hiyo ni hatia.

MtunzaMbwa_Karen: Hiyo ni hofu, Baba Neema. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba sura hiyo ya "hatia" hutokea zaidi mbwa anapokaripiwa, hata kama hakukosa lolote. Wako anausoma uso wako.

BabaNeema: Basi ananisoma kuliko ninavyomsoma.

MwalimuMstaafu: Kuhusu mkia, watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona bwana wake, mkia huelekea zaidi upande wake wa kulia, na akiona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelekea kushoto.

KijanaWaBoda: Mwalimu, mimi nina mzigo na mteja anapiga simu. Nani atapima kushoto na kulia?

MwalimuMstaafu: Basi tazama kiuno. Mbwa mwenye furaha hutikisa mkia pamoja na kiuno, mwili ukiwa laini, na anayetaka mchezo huinamisha kifua chini huku makalio yakibaki juu. Ukiona mkia unacheza na mwili umekaza, usishuke kwenye pikipiki.

MamaTito_Umoja: Asanteni. Na anayelala chali? Mwanangu hukimbilia kumkuna tumbo.

MtunzaMbwa_Karen: Ikiwa amelegea, mdomo wazi, anajigaragaza, akunwe. Ikiwa amekaza miguu, ameubana mkia tumboni na anatazama kando, anaomba aachwe.

BabaNeema: Wangu hulala chali na bado ananguruma.

MtunzaMbwa_Karen: Amelegea au amekaza?

BabaNeema: Nitamtazama leo usiku, akishashiba.

KijanaWaBoda: Mtazame ukiwa mbali.