Naomba ushauri: biskuti za Girl Scouts, tuuze au tutoe pesa tu?

Habarini wapendwa. Tupo Ohio, Marekani, binti yangu ana miaka 9, kajiunga na Girl Scouts, yaani skauti wa kike, ambao huuza biskuti kuchangia kikundi chao. Msimu wa biskuti ndio huu, maboksi ya biskuti za Thin Mints yamejaa sebuleni hadi chini ya meza. Boksi moja dola 6, ila kikundi chao kinabakiwa na kama dola moja au pungufu; pesa nyingine ni za kiwanda na baraza la Girl Scouts la eneo. Baba yake anasema bora tutoe dola 50 mkononi, Jumamosi tulale, kuliko kugandia kwenye baridi mlangoni pa supamaketi. Lakini huyu mtoto alikuwa hata wageni hasalimii! Juzi kamrudishia mzee chenji, wala hakunitazama. Mliopitia haya, mlifanyaje?