Chicago siku mbili na mamangu: mnara upi tupande, na simba wa Tsavo wako wapi hasa?

BintiKibokoni:
Asalaam aleikum na habarini nyote. Jamani naomba msaada kwa aliyewahi kufika Chicago. Mdogo wangu anamaliza chuo mwezi wa tano, mimi na mamangu tushapata viza alhamdulillah, tutakaa wiki nzima lakini siku nyingi ni za sherehe na kuzungushwa kwa jamaa, zetu wenyewe ni mbili tu, Jumatatu na Jumanne.

Mimi nataka kupanda lile jengo lenye visanduku vya vioo, unasimama na chini yako ni hewa tupu mpaka barabarani, vidio zake nimezitazama sana. Juu zaidi nilikowahi kufika ni lile jengo refu la KICC kule Nairobi. Mamangu hataki kusikia habari za ghorofa. Ana miaka 69, ana presha na goti moja lamsumbua, na tangu tulipokata tiketi ya ndege ana jambo moja tu mdomoni: anataka kuwaona simba wa Tsavo. Babake alifanya kazi ya reli steshini ya Voi na hadithi ya simba waliokula watu wakati wa kujenga daraja la reli la Tsavo ndiyo aliyokuwa akiwalaza nayo wanawe. Mpaka leo tukipanda treni kwenda Nairobi, tukikaribia Tsavo ananishika mkono ananionyesha dirishani, kila safari, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Sasa nauliza, hao simba kweli wako huko? Na je, mnara na makumbusho vyaenda siku moja na mtu wa goti au nitamuumiza mzee wangu bure?

BahariaKilindini:
Waaleikum salaam dadangu, hongereni kwa gradu. Nimekaa Chicago miaka sita, ngoja nikueleze vizuri.

Simba wako, tena ndio wenyewe. Wako Field Museum, upande wa wanyama wa Afrika. Lakini mtayarishe mama kabla hajafika maana mimi nlipowaona mara ya kwanza nlisimama nikajiuliza, ni hawa? Ni madume wawili, hawana manyoya ya shingoni kabisa, na wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa hai. Sababu yake ni kwamba yule Mwingereza aliyewapiga risasi Disemba 1898, Patterson, injinia wa lile daraja, alizifanya ngozi kuwa mazulia ya nyumbani kwake, zikakanyagwa kama miaka 25. Mwaka 1924 ndipo akaziuzia makumbusho kwa dola 5,000 pamoja na mafuvu, fundi akalazimika kukata zile sehemu zilizochakaa ndipo akaweza kuwaunda tena wakasimama. Kwa hiyo wamepungua. Mafuvu yenyewe yako pale pale, na mimi hayo ndiyo yalinitisha kuliko hata ngozi, mmoja jino lake la chonge limevunjika na mzizi wake ulioza, wataalamu wengi wanasema maumivu hayo yalimfanya ashindwe kukamata nyati na pundamilia akageukia vibarua wa reli waliolala kwenye mahema.

Patterson alikuja kuandika kwamba waliliwa watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na manyoya ya hao simba wakakadiria ni kama 35. Mimi nakwambia hata 35 ni wengi, ni 35 waliotoka makwao, na wengine walipitia bandari hii hii yetu ya Mombasa.

Usikimbilie simba peke yao. Ukiingia tu ukumbi mkubwa utakuta ndovu wawili wanapigana, nao pia walitoka huku Afrika Mashariki zaidi ya miaka mia iliyopita, halafu juu kuna SUE, dinosa aliyechimbwa South Dakota 1990, urefu mita 12, makumbusho ilimnunua mnadani 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8. Siku nzima itaisha. Kwa hiyo usichanganye na mnara, Jumatatu iwe ya mama na simba, Jumanne ndiyo yako.

Mnara sasa. Unaouliza ni Willis Tower, ghorofa 110, mita 442, wazee wa kule bado wauita Sears. Unapandishwa mpaka ghorofa ya 103, mita 412 juu, lifti yachukua kama dakika moja hivi na masikio yanaziba kama ndani ya ndege. Visanduku vya kioo vimetokeza nje mita moja na kidogo. Nunua tiketi onlaini lakini nakuomba USINUNUE siku nyingi mbele bila kujua hali ya hewa, mimi nililipa nikapanda siku ya mawingu, nikaona weupe tu pande zote kama nimeingizwa ndani ya gunia la pamba, na pesa hairudi. Siku iliyo safi unaona majimbo manne.

Ila ukiniuliza mimi mtu wa pwani, napenda zaidi ule mnara wa pili, zamani ukiitwa John Hancock, unapanda ghorofa ya 94. Ni mfupi kuliko Willis lakini uko karibu na ziwa, unaona ufuo wote unavyopinda na magari yanavyotambaa kando ya maji. Na lile ziwa jamani! Simama Mama Ngina pale Mombasa utazame bahari, ndivyo lilivyo, ng'ambo haionekani, lina mawimbi na lina fukwe za mchanga, lakini ukivuta pumzi hakuna chumvi, hakuna harufu ya mwani, hakuna kitu. Mwaka wa kwanza jambo hilo lilikuwa likinitia unyonge sana. Mpeleke mama akaguse maji.

Halafu mwezi wa tano kwenu ni mvua, kule kando ya ziwa ni upepo wa baridi, mchukulie sweta na kitu cha kufunika masikio.

Injinia_Tudor:
Dada panda Willis, na nitakwambia kwa nini. Aliyeibuni namna jengo lile linavyosimama ni Fazlur Rahman Khan, Muislamu mzaliwa wa Dhaka, 1929. Huo mnara mwingine anaousifu Baharia pia ni hesabu zake. Kabla yake, jengo likizidi kurefuka lilihitaji chuma kingi mno kulizuia lisiyumbishwe na upepo, gharama ikawa haibebeki. Yeye akafikiri hivi: chukua boriti moja nyembamba uisimamishe, upepo utaichezea. Sasa chukua boriti tisa uzifunge pamoja fungu moja, kila moja inamshika mwenzake. Willis ndivyo ilivyo, ni mirija tisa ya mraba iliyofungwa pamoja, na ukiwa chini ukitazama utaona haiishii sawa, miwili inakoma ghorofa ya 50, miwili ya 66, mitatu ya 90, na miwili iliyobaki ndiyo inayofika juu kabisa. Ilifika kimo chake 1973, mwaka ule ule KICC ilipofunguliwa, ikakaa ndiyo ndefu kuliko zote duniani mpaka 1998.

Na kama mama ashakwenda hija akapitia uwanja wa ndege wa Jeddah, yale mahema makubwa meupe ya kuwapokea mahujaji ni kazi ya Khan pamoja na wenzake. Alifariki Jeddah huko huko, 1982, akazikwa Chicago. Mimi nilipolijua hilo nikiwa mwanafunzi nililala nikiwaza mtu wa kwetu wa Mashariki, jina kama la jirani yangu, ndiye aliyeufundisha mji ule kusimama.

Mwana_wa_Kaloleni:
Nasoma hapa nikiumia kidogo, mnisamehe. Mjukuu wa mtu wa Voi lazima apate viza ndipo aone simba wa Voi. Hivi sisi hatuoni ni jambo zito? Fort Jesus tunayo, Makumbusho ya Nairobi tunayo, na daraja liko pale pale Tsavo. Simba wangekaa huku na watoto wa shule wakaletwa kwa basi.

Dada ukiwa kwenye jimbo hilo la Illinois ujue jambo hili pia. Sisi Wagiriama mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, akifa anachongewa kigango, nguzo ya mbao, anasimamishiwa na roho yake ndipo hapo. Hakihamishwi na hakiuzwi, kinaachwa mpaka kiliwe na mchwa chenyewe. Viliibwa vingi mno, watu wanaamka asubuhi kigango cha baba hakipo, na nyumba ikipata msiba au mvua ikikosa wanajua ni kwa nini. Vikauzwa kwa watalii, vikaishia kwenye makumbusho za Marekani. Jumba la makumbusho la jimbo la Illinois kule Springfield lilirudisha 37 mwaka 2023. Denver walisharudisha 30 kabla ya hapo, vikafika 2019. Kwa hiyo inawezekana. Wakitaka wanaweza.

Mama akifika mbele ya simba, kama anaweza, aandike kwenye kitabu cha wageni au amwambie mhudumu yeyote pale, mimi natoka huko walikotoka hawa.

BahariaKilindini:
Kaka wa Kaloleni kwa vigango niko na wewe moja kwa moja, vile vina wenyewe walio hai na wanaolia. Kwa simba nasitasita. Mwaka 2024 watafiti walichokonoa nywele zilizoganda kwenye meno yaliyovunjika wakapata humo vinasaba vya twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu, baada ya miaka zaidi ya mia. Kazi hiyo wameifanya pamoja na Wakenya wa makumbusho yetu. Ningependa warudi lakini ningependa warudi mahali patakapowatunza hivyo.

Mwana_wa_Kaloleni:
Na sisi tutajifunza kutunza lini kama vitu viko kwao?

MamaTwins_Bamburi:
Dada swali la goti hawajakujibu. Ulizia kiti cha magurudumu pale mlangoni Field, wanavyo, usione haya, jengo ni kubwa sana na sakafu ni ya mawe. Mimi nilimpeleka mamangu mkwe akakataa kiti kwa ajili ya aibu, saa sita mchana miguu ikafura tukarudi nyumbani hata juu hatujafika. Dawa ya presha ibebe mkononi isikae kwenye begi la ndege.

Na mwambie mdogo wako awe na kitambulisho chake, wakaaji wa Illinois wana siku za kuingia bure, nyinyi wageni mtalipa lakini hata mmoja akiponea ni nafuu.

BintiKibokoni:
Shukran sana nyote, wallahi sikutegemea. Nimeketi na mama jana baada ya Isha nikamsomea yote, neno kwa neno, hata mabishano yenu.

Ya manyoya ya shingo alikuwa akiyajua, babake alimwambia "madume mapara". Ya mazulia hakuyajua, akanyamaza, kisha akasema basi atawasomea Fatiha wale waliokufa pale pale mbele ya kioo, Wahindi kwa Waafrika, hata kama hajui jina la mmoja wao. Ya vigango yamemgusa, anasema alipokuwa msichana alikwenda na babake Rabai akaonywa asiviguse.

Na Injinia, umenibadilishia mamangu! Alihiji 2011 akapitia Jeddah, yale mahema anayakumbuka, anasema alilala chini yake saa tano nzima akisubiri basi na hakusikia joto. Sasa ameniambia atapanda ghorofa ya 103 akaone kazi ya yule mtu, ila kwenye kioo hakanyagi, atakaa nyuma ashike mkoba wangu.

Kwa hiyo Jumatatu Field na kiti, Jumanne Willis kama mbingu ni safi, kukiwa na mawingu tutaenda ziwani aguse maji. Baharia swali la mwisho, jamaa wanaotupokea wako karibu na Willis, kwenda Field tupande nini? Teksi kila mahali sitaweza.

BahariaKilindini:
Panda basi namba 146 pale State Street linaloelekea kusini, mwambie dereva Museum Campus. Basi linainama mlangoni, mama hatapanda ngazi. Nisalimieni hao simba.