Kedi wangu kaanguka kwa joto shimo la 4, mimi nikaandikiwa pigo la adhabu

Wakuu, nimekaa na hili jambo siku tisa nikisema litapoa. Halijapoa.

Mimi ni mcheza gofu wa kulipwa, ila wa ngazi ile ya chini kabisa, yule ambaye akikosa hela ya mashindano mawili mfululizo anarudi kufundisha watoto wa wanachama kushika fimbo. Nilianza kama kedi (mbeba begi la fimbo la mchezaji) Arusha nikiwa darasa la sita. Wikiendi ya juzi nilishuka pwani kwenye mchujo wa kutafuta kadi ya tour, yaani ruhusa ya kucheza mfululizo wa mashindano ya kulipwa: raundi tatu, wachezaji 78, nafasi za kuhesabu kwa vidole. Uwanja siutaji, waandaaji siwataji, mods msihangaike kuufuta uzi. Waliokuwepo watajua.

Ratiba ya Jumamosi: kundi la kwanza saa 5 asubuhi, la mwisho saa 7 mchana. Mwezi wa pili. Kaskazi. Pwani. Aliyeishi pwani anajua saa hizo hata mbwa hatoki chini ya mkokoteni.

Sasa nifanye hesabu, maana nimeambiwa "haikuwezekana vinginevyo". Watu 78 kwa makundi ya watatu ni makundi 26. Ukiyagawa tii mbili (sehemu za kuanzia kupiga), 13 yaanzie shimo la 1 na 13 yaanzie la 10, ukayaachanisha dakika kumi kumi, yote yameingia uwanjani ndani ya saa mbili. Saa 12:40 asubuhi mwanga upo wa kutosha kuuona mpira. Ungeanza hapo, kundi la mwisho linatoka saa 2:40, na hata likijikokota saa tano nzima, saa 8 mchana kila mtu yuko mezani anakula wali wake. Tii mbili walitumia, dakika kumi walitumia, makundi yalikuwa hayo hayo 26. Kilichosogezwa ni saa tu, kwa sababu asubuhi yote walipewa wageni wa mdhamini na vigari vyao, na sisi tuliolipa kiingilio cha dola tukapewa mchana.

Joto lenyewe silalamikii, tuelewane. Nimetoka juu, Arusha ni kama mita 1,400, najua nikishuka pwani hewa ni nzito na mpira haufiki. Pale nyumbani ninapopiga fimbo namba 8, huku inakuwa namba 7, kuna siku inaomba namba 6 (namba ndogo ndiyo inayopeleka mpira mbali). Hiyo ni kazi yangu kuijua. Na najua mwili unataka wiki moja hadi mbili kuzoea joto, nami nilifika siku tatu kabla kwa sababu gesti inalipiwa. Kosa langu, nalibeba. Glovu nne zililowa siku moja, fimbo ikawa inateleza kama kambale, nalo nalibeba.

Simu ilisoma nyuzi 33 na ikasema mwilini inahisika kama 41. Kwa wale wa bara: tofauti ni unyevu. Kwetu jasho linakauka na linapokauka linaondoka na joto. Pwani hewa imeshashiba maji, jasho linachuruzika tu hadi kwenye soksi, na mwili unabaki unachemka huku unazidi kupoteza maji na chumvi. Kwa hiyo unalowa kama umetoka kuogelea na bado hujapoa hata kidogo.

Haya, maji. Uwanja mzima ulikuwa na madumu mawili ya lita 20 kwa ajili yetu, moja tii ya kwanza, moja tii ya kumi. Wachezaji 78 na makedi 78 ni watu 156. Mpe kila mtu nusu lita kwa saa, na kwa hali ile nusu lita ni ubahili, kwa saa tano unahitaji lita 390. Wao walikuwa na 40. Tena wageni wa asubuhi walishapita hapo. Nilipofika tii ya kumi saa 6 na dakika 10 dumu lilikuwa linatoa hewa, na juu yake kuna karatasi imebandikwa: WACHEZAJI TU.

Someni tena. Wachezaji tu. Yule anayebeba begi la kilo 15 na ushee kwa mwendo unaokaribia kilomita kumi, kwenye mchanga, huku akikimbia mbele kuangalia mpira umeangukia wapi na kurudi nyuma kusawazisha mchanga wa banka (mtego wa mchanga), yeye asinywe. Madumu ishirini ya maji yasingefikia kiingilio cha mchezaji mmoja.

Na juu ya hilo walivalishwa vile vizibao vya nailoni vyenye jina la mdhamini. Kedi wangu alikivua shimo la 15, akafokewa na mama mmoja wa itifaki akakivaa tena. Kisa picha.

Kedi wangu ni kijana wa pale pale, tulipangiana Alhamisi. Mpole, mstaarabu, anazijua zile grini (nyasi fupi zenye shimo) kama kiganja chake, ukimwuliza mpira utapinda wapi anakuonyesha jani. Kitu ambacho sikukijua, na nitajilaumu kwa hilo kuliko pigo lolote, ni kwamba Jumamosi ile alikuwa ameshabeba begi asubuhi. Wageni wa mdhamini walihitaji makedi, makedi ni wale wale, na kedi analipwa kwa raundi. Nani atakataa raundi mbili? Mimi nisingekataa, nimewahi kubeba raundi mbili nikiwa mtoto, ila ilikuwa chini ya Meru na upepo wake. Kwa hiyo wakati mimi naanza shimo langu la kwanza yeye anaanza la 19. Sikuuliza kama amekula. Niliuliza upepo.

Tulianzia la 10, kwa hiyo shimo la 4 lilikuwa la 13 kwetu. Ilikuwa saa 10 kasorobo. Nikamwona anatembea kama mtu anayetafuta kitu chini. Akaweka begi, hakulitupa, aliliweka vizuri kabisa, akasema, "Kaka, nisamehe, macho yaniingia kiza." Akakaa. Halafu akalala. Akatapika maji matupu.

Ngozi baridi, jasho jingi, mapigo yanakwenda mbio, lakini jina lake anajibu. Namshukuru Mungu kwa hilo la kujibu, maana akianza kuchanganyikiwa hapo ni jambo jingine, ni la kumpoza haraka na hospitali mara moja. Tulimbeba mimi na Mganda niliyepangwa naye. Upande ule kuna minazi tu na mnazi hauna kivuli cha maana, tukamsogeza hadi kwenye mwarobaini. Miguu tukaipandisha juu ya begi. Mkenya wa kundi letu alikuwa na chupa yake ya barafu, akalowesha taulo tukamwekea shingoni na kwapani, kile kizibao tukakivua tukakitupa. Mganda alikuwa na pakiti ya ORS. Yaani huduma ya kwanza ya mashindano ya kulipwa ilitoka kwenye mabegi ya wachezaji.

Hapo ndipo refa akaja na kigari.

Nikajua tumepona. Kigari kina viti viwili na kinakwenda. Nikamwambia, mzee, tumpeleke klabu. Akaangalia saa. Akasema kundi letu liko nje ya nafasi, yaani limebaki nyuma, limeshaanza kupimwa muda, na zamu ya kupiga ni yangu. Nikamwambia kuna mtu amelala chini. Akasema, "Nimemwona, nimeshaita watu. Wewe ni mchezaji, endelea kucheza."

Hao watu walioitwa walifika baada ya dakika 25. Walikuja na kigari cha vinywaji chenye boksi la barafu limejaa bia za mdhamini. Barafu ilikuwepo uwanjani siku nzima, jamani. Ilikuwepo.

Mimi nilikaa naye kama dakika kumi na mbili mpaka akaweza kushika chupa mwenyewe, ndipo nikaenda kupiga, na Mganda akirudi nyuma kumwangalia kila baada ya pigo lake. Mashimo matano yaliyobaki nilibeba begi mwenyewe. Nilipofika kusaini kadi ya alama nikakuta nimeongezewa pigo moja: kuchelewesha mchezo pasipo sababu ya msingi. Mapigo 77 yakawa 78, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye anayeshinda.

Nikaenda kwenye kamati na kitabu cha kanuni mkononi. Kanuni ya 5.6a, ile ya kuchelewesha mchezo. Maelezo yake yanasema mchezaji akiumia au akiugua ghafla, na mmoja wa mifano inayotolewa hapo ni wa kuzidiwa na joto, kamati kwa kawaida impe hadi dakika 15 apate nafuu kabla ya kumhesabia kuwa anachelewesha. Na kanuni hiyo hiyo inakubali ucheleweshaji mfupi wenye sababu nzuri. Nikauliza: kumweka mtu kivulini asife si sababu nzuri? Jibu nililopewa, na wakuu nalikumbuka neno kwa neno: "Dakika 15 ni za mchezaji. Kedi unaweza kumbadilisha."

Ni kweli, kanuni zinaruhusu kubadilisha kedi katikati ya raundi. Zinaruhusu pia kubadilisha glovu.

Mnaojua historia mtakumbuka US Open ya 1964, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, pale uwanja wa Congressional, karibu na Washington. Siku ya mwisho walichezeshwa mashimo 36 kwenye joto la karibu nyuzi 38. Mchezaji Ken Venturi alipomaliza 18 za asubuhi alikuwa hoi, daktari akamwonya kwamba akiendelea anaweza kufa. Akaendelea, na daktari akatembea naye mchana mzima. Akashinda. Watu husimulia ile habari kama ya ushujaa. Mimi naangalia kilichofuata: mwaka uliofuata waandaaji wakaacha kubana mashimo 36 siku ya mwisho, mashimo yote 72 wakayagawa siku nne. Joto lilipoonekana linaua, walibadilisha ratiba. Na hapa Afrika, 2019 pale Leopard Creek, Afrika Kusini, joto lilipozidi wachezaji waliruhusiwa kuvaa kaptula kwenye mashindano yenyewe. Sisi tulikumbushwa suruali ndefu kwa barua pepe, mara mbili.

Na kijana? Alitundikiwa dripu zahanati, akatoka usiku. Dripu nililipa mimi, pamoja na raundi yake kamili. Jumapili asubuhi akaja kazini akakataliwa na msimamizi wa makedi mpaka alete karatasi ya daktari. Zahanati ile Jumapili haina daktari. Kwa hiyo kwa kuanguka kazini akakosa na kibarua cha siku ya pili. Nilimwambia mdogo wangu kaa nyumbani, hela ya leo nitakupa, nikabeba begi mwenyewe raundi ya tatu nikiwa nimetoa mwavuli na nusu ya mipira.

NYONGEZA, saa 3 usiku:

Mdau anayesema nalilia kadi: nilikosa kwa mapigo matano. Ondoa lile moja, nimekosa kwa manne. Nilicheza vibaya, putti zangu (mapigo ya kuingiza mpira shimoni) zilikuwa za aibu hata kabla ya joto. Lile pigo halikunitoa, ndiyo maana naliongelea bila kigugumizi.

Anayesema "matajiri mnapanda vigari halafu mnalia joto": vigari vinapandwa na wanachama. Kwenye mashindano ya kulipwa kwa kawaida ni marufuku, unatembea. Mmarekani Casey Martin, mwenye ugonjwa wa mguu, kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi yao, 2001, ndipo haki yake ya kupanda kimoja ikathibitishwa. Sijaomba kigari. Nimeomba maji na asubuhi.

Anayesema watu wa pwani wamelizoea joto: aliyeanguka ni mtu wa pwani. Mimi wa Arusha nilimaliza. Tofauti yetu ilikuwa mashimo 18 na kikombe cha maji.

Aliyeniandikia inbox kwamba nitafungiwa mashindano yajayo: asante kaka, nimeshaliwaza hilo, na jina langu wanalo, lipo kwenye barua niliyowapelekea Jumatatu. Nimeomba mambo mawili tu. Pigo libaki au lisibaki sijali, ila waandike ni nani aliyeamua kigari cha refa kisimbebe mgonjwa. Na kijana alipwe Jumapili yake. Mpaka leo hawajajibu.

Kama kuna aliyekuwa tii ya kumi Jumamosi ile kati ya saa 6 na saa 7 akapiga picha lile dumu na ile karatasi, naomba anitumie. Ya kwangu imetoka na ukungu, kioo cha simu kilikuwa kimelowa jasho.