Nematodi wengi palipoungua Kilimanjaro: udongo umepona?

Erika3200
Wakuu, nalinganisha udongo wa ukanda wa erika (vichaka vya mlimani) ulioungua Oktoba 2020 na jirani yake usioungua, mwinuko wa kama mita 3,200. Faneli ya maji (udongo hulowekwa, minyoo hushukia chini) inanipa nematodi, yaani minyoo midogo sana ya udongoni, wengi zaidi palipoungua, ila kwenye faneli ya taa (taa hukausha udongo kutoka juu, wadudu hukimbilia chini) utitiri karibu hakuna. Je, niseme udongo umepona?

Mboji
Hapana, usiandike hivyo ndugu yangu. Wingi wao hauna maana mpaka ujue nani anakula nini. Majivu hupunguza tindikali, bakteria wakashamiri, na nematodi walao bakteria huzaliana kwa siku chache tu. Watazame mdomo kwa darubini, ukuzaji wa mara 400. Mrija ulio wazi, huyo ni mla bakteria. Kisindano chembamba, anafyonza kuvu au mizizi. Mdomo mpana wenye jino ni mwindaji. Tambua angalau 100 kwa kila sampuli. Wawindaji wakikosekana, ngazi ya juu ya mtandao wa chakula bado haijarudi. Na wala kuvu uwahesabu kwa makini, maana erika yenyewe huishi kwa kutegemea kuvu wa mizizini.

FaneliMbili
Kabla ya kuulaumu moto, kagua hiyo faneli ya taa. Balbu ikiwa kali tangu siku ya kwanza, udongo hukauka haraka na utitiri hufia humo humo. Kipande cha udongo kilaze kichwa chini, watoke kupitia matundu mapana ya juu. Anza na joto dogo, ongeza kila siku kwa siku 7, chini weka spiriti ya asilimia 70. Pasipoungua pakitoa utitiri wengi kwa faneli hiyo hiyo, basi ni moto kweli: utitiri wa kwenye mboji huzaa polepole na hawana mabawa ya kurudia haraka.

Mboji
Naongeza: kausha sehemu ya kila sampuli kwa nyuzi 105, saa 24, kisha hesabu kwa gramu 100 za udongo mkavu. Udongo wa volkano hushika maji mengi, ukipima mbichi utadanganyika.

Erika3200
Asanteni sana. Na nikichukua udongo wa mwinuko wa chini mlimani kama mfano wa joto la siku zijazo?

FaneliMbili
Hapo kuna mtego. Kila mita 100 ukishuka joto hupanda takriban nyuzi 0.6, lakini upande wa kusini mvua ni kubwa zaidi karibu mita 2,200. Unabadilisha joto na mvua kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya nini. Hamisha vipande vya udongo kutoka juu kwenda chini, na vingine uving'oe na kuvirudisha pale pale ili upime madhara ya kung'oa kwenyewe.