Mtoto wa miezi tisa, vikapu 40, wiki sita: nichukue oda au niache?

Mama wa Rangi Tatu

Habari za jioni mama zangu na dada zangu. Naandika huku mtoto amenilalia kifuani, mnivumilie.

Mimi nasuka vikapu vya ukindu, yaani majani ya mkindu. Kazi nimeikuta kwa bibi yangu mzaa mama, Rufiji, na naifanyia nyumbani kwangu Mbagala, chumba na sebule. Zamani nilikuwa nasuka mikeka ya shughuli za kifamilia tu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Juni 2019, jirani akaniomba kikapu cha kwendea sokoni, akaja mwenzake, akaja na wa mtaa wa pili. Mwezi haujaisha nikawa nauza. Ukindu naletewa na basi kutoka Ikwiriri, kule Rufiji, naupokea kituoni Rangi Tatu alfajiri. Nauanika, nauchana, natia rangi, nasuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, naushona uwe kikapu, natia mikono ya ngozi na bitana ya kitenge. Kila hatua ni mimi.

Mwanangu ana miezi tisa. Nilipojifungua mama alikaa nami siku 40, akarudi kwake. Wifi yangu ameajiriwa, yeye alipata likizo ya siku 84 na mshahara wake ukaingia. Siku ya 41 mimi nilikuwa mkekani nasuka, maana kodi ya nyumba haijui kama mtu amejifungua. Silalamiki, kazi naipenda. Nikipitisha siku mbili bila kushika ukindu vidole vinaniuma kwa kuukosa.

Ninachoshindwa ni kwamba kila mtu ananiona niko bure. "Si upo nyumbani?" Jirani ananiachia funguo nimpokelee fundi wa bomba. Mama mkwe akija mjini hospitali anafikia kwangu, na lazima apikwe chakula chake kisicho na chumvi, jambo ambalo nalifanya kwa moyo, ila siku nzima imeondoka. Mume wangu ni fundi umeme, anatoka saa 12 asubuhi na kurudi giza limeingia. Ananisaidia, lakini na yeye akikuta sijamaliza kushona huniuliza, "Sasa leo ulikuwa unafanya nini?" Haulizi kwa ubaya. Inaniuma vilevile.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natia rangi uani. Sufuria iko juu ya jiko pale uani, rangi nyekundu inachemka, mtoto nimemweka mkekani hatua tano hivi. Wingu likaja, nikageuka kuanua nguo. Kurudi, amefika kwenye ukindu niliokwisha kuuopoa, ameshika kishada, mdomo wote mwekundu. Jiko lilikuwa karibu naye kuliko mimi. Nilikimbia naye zahanati kanga moja begani. Hakupata madhara, Alhamdulillahi. Ila tangu siku hiyo nikifumba macho naiona ile sufuria.

Sasa juzi duka moja la zawadi limenipigia: vikapu 40 vya kati, rangi tatu, wiki sita, shilingi 18,000 kimoja, nusu wanalipa mwanzo. Sijawahi kupata oda kubwa hivi. Mume anasema chukua, tumalize kodi ya miezi sita. Mama anasema acha mpaka mtoto asimame dede. Wanataka jibu Jumatatu.

Waliolea huku wanasuka, mlifanyaje?

Bi Mkubwa wa Wete

Pole sana mwanangu, na Mungu akukuzie. Mimi nimelea wanne, wote nimewalea na miyaa, majani ya kusukia, mkononi, nikisuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula. Kabla sijakwambia chukua au acha, nijibu mambo mawili. Kwa siku, mtoto akiwa yuko macho na wewe peke yako, unasuka pima ngapi za ukili, pima moja ikiwa ni mikono miwili iliyonyooshwa? Na kikapu chako kimoja kinakula pima ngapi?

Mama wa Rangi Tatu

Shikamoo mama. Ukili wangu ni wa upana wa vidole vitatu hivi, kikapu cha kati kinakula pima sita. Siku nzuri nasuka pima nne. Siku akiwa anaota meno, mbili.

Bi Mkubwa wa Wete

Marahaba. Basi hesabu imeshasema. Vikapu 40 ni pima 240. Kwa pima nne kila siku bila kuumwa hata siku moja, ni siku 60 za kusuka tu, hujashika shazia, sindano ya kushonea. Wao wamekupa 42. Peke yako humalizi, hata ukikesha. Na mama anayenyonyesha asikeshe, anachoka na mkono unalegea, ukili unatoka na mianya.

Lakini usiseme huwezi. Sikiliza nilivyofanya mimi.

Kazi hii wanawake wa pwani hawakuichagua bure. Ukili unakaa mapajani, unaukatisha popote, unaurudia popote. Mtoto akilia unauweka, akinyamaza unaushika pale pale ulipoachia. Mimi nimesuka msibani, nimesuka nikingoja daladala, nimesuka mtoto ananyonya. Wala huhitaji kuutazama. Kwa hiyo kusuka ni kazi ya kufanya na mtoto. Kutia rangi na kushona si kazi ya kufanya na mtoto. Rangi ina moto, shazia ina ncha, na vyote viwili vinataka macho. Kosa lako lilikuwa kufanya kazi ya macho saa ambayo macho ni ya mtoto. Kila mmoja wetu limemtokea, mwanangu wa tatu ana kovu la maji ya moto mguuni mpaka leo na ni mtu mzima.

Rangi mimi nilikuwa natia mara mbili kwa mwezi, yote kwa pamoja, na siku hiyo watoto wanalala kwa dada yangu. Si wanakaa uani. Hawapo kabisa pale nyumbani. Kwako ifanye Jumapili baba yake akiwepo, amtoe matembezi saa tatu nzima.

Na jambo jengine: mtoto akiwa macho, suka ukili mweupe. Ukindu usiotiwa rangi akiutia mdomoni hautamlisha rangi, ila bado mwangalie. Wa rangi usuke keshalala. Halafu kwenye kushona ndiyo unapanga, mzunguko mweupe, mzunguko wa rangi. Vikapu vitapendeza vilevile.

Msusi wa Milulu, Iringa

Dada pole. Mimi nitasema tofauti kidogo na mama hapo juu, kwa heshima.

Huku tunasuka vikapu vya milulu, na chetu hakikatishwi ovyo kama ukili. Ukiacha katikati kinakupinda. Mwaka juzi nilichukua oda ya vikapu 25 mtoto akiwa na miezi saba. Nilimaliza 17. Vile nane vilivyobaki nilivifanya kwa hasira, nikimkaripia mtoto ambaye hajui hata kusimama. Mteja akavirudisha vitano kwa sababu vilikuwa vimekaa upande. Pesa ya mwanzo nilikuwa nimeshailipia ada ya mkubwa. Nilikopa kuirudisha. Kwa hiyo nusu hiyo wanayokulipa mwanzo, usiione kama kodi ya nyumba. Ni ya malighafi, na hadi kikapu cha mwisho kipokelewe si yako.

Halafu hili la "si upo nyumbani". Mimi nilitangaza saa zangu. Saa mbili hadi saa sita mchana nipo kazini. Nilimwambia kila mtu kwa mdomo wangu, nikaanza na mume, nikamalizia na mama mkwe, kwa adabu, nimepiga goti. Nikamwambia mama, saa sita na nusu nitakuwa wako mpaka jioni. Siku za mwanzo walinuna. Mwezi wa pili alikuwa yeye mwenyewe anawafukuza watoto mlangoni, "Mwacheni mama yenu yuko kazini." Funguo za jirani nilizikataa. Sikuongeza maelezo.

Kama una wenzako watano wanaosuka, jisajilini kikundi, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 ni ya wanawake, na haina riba. Ila usikope kwa ajili ya oda hii. Kopa mkiwa mmeshazoeana kazi.

Baba Mapacha

Naomba nichangie kama mume. Mke wangu anafuma masweta ya watoto. Nami nilikuwa nauliza lile swali, "leo ulikuwa unafanya nini", mpaka Jumamosi moja aliposafiri kwenda msiba nikabaki na mapacha toka asubuhi hadi usiku. Hata chai sikuimaliza. Dada, mwachie mumeo mtoto siku moja nzima, wewe uondoke hasa, na simu usipokee isipokuwa ya dharura. Kisha kaeni mpange saa za kila mmoja. Asikwambie "nitakusaidia". Akwambie mtoto ni wake kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mimi kwangu ni saa 1 hadi saa 4 usiku kila siku na Jumapili asubuhi. Nawaogesha, nawalaza, mwenzangu anafuma.

Mama wa Rangi Tatu

Nimesoma yote, na nimesoma ya Baba Mapacha kwa sauti mume wangu akiwepo. Alinyamaza muda. Jana Jumapili alikaa na mtoto tangu asubuhi hadi alasiri, mimi nikaenda Temeke kwa mama mdogo na shazia yangu na ukili niliokuwa nao. Nilishona vikapu viwili nikakianza cha tatu. Kumbe kushona kikapu ni saa tatu! Nyumbani nilidhani ni siku nzima, kwa sababu naamka mara arobaini.

Nikaanza kupiga hesabu kwenye daftari la kliniki, nyuma. Kikapu kimoja nikifanya hatua zote mwenyewe: ukindu 3,000, rangi 800, mikono ya ngozi 3,500, kitenge 1,500. Jumla 8,800. Kwa 18,000 nabaki na 9,200, kwa kama saa 11 za kazi, nane za kusuka na tatu za kushona. Sikuwahi kuziandika hizo saa. Niliona aibu, halafu nikaona hasira.

Ndipo nikakumbuka Rufiji. Kule bibi yangu alikuwa hasukii nyumba yake tu. Kina mama walikuwa wanauziana ukili kwa pima, anayesuka anasuka, anayeshona anashona. Nikampigia shangazi Ikwiriri. Ameniambia wako wanne wanaosuka ukili safi wa vidole vitatu, wa rangi na mweupe, kwa 1,000 pima moja. Nikinunua ukili kwao, kikapu kinanigharimu 11,000, nabaki na 7,000 kwa saa tatu. Na sufuria ya rangi haiwaki tena uani kwangu. Hilo peke yake lingenitosha.

Lakini sikulala vizuri. Pima sita ni kama saa nane za mtu. Ukitoa ukindu na rangi, anayesuka anabaki na 2,200. Mmoja wao, shangazi kaniambia, ana mtoto wa miezi mitano. Yule ni mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye hana simu ya duka la zawadi. Siwezi kujinunulia nafuu kwa mgongo wake.

Leo asubuhi nimepiga simu dukani. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nimewaambia vikapu 40 haviwezekani kwa wiki sita, nawapa 24 kwa wiki hizo sita na 16 wiki tatu baadaye, na bei ni 20,000. Nimewaeleza kazi inavyokwenda, hatua kwa hatua, kama mama wa Wete alivyonieleza mimi. Yule dada alisema ataongea na bosi wake. Saa nane akarudi: wamekubali 20,000, wamekubali 24 kwanza. Zile 16 wataamua wakiona hizi. Nimewaambia sawa.

Kina mama wa Ikwiriri nitawalipa 1,200 kwa pima, nusu inatumwa leo kwa simu. Pima 120 kwao, na 24 za ukili mweupe nasuka mwenyewe mchana na mwanangu, kwa sababu sitaki kuacha kusuka. Kushona nimepewa saa 2 hadi saa 5 usiku, mume ndiye analaza mtoto. Tumeandika kwenye karatasi, tumeibandika juu ya swichi. Mama mkwe anakuja wiki ijayo. Nitapiga goti kama alivyosema dada wa Iringa, naomba mniombee.

Ukili wa kwanza unafika Jumamosi kwa basi. Mama, nianze kushona usiku huohuo?

Bi Mkubwa wa Wete

Hapana. Usiushone siku hiyo. Watakuwa wameusuka ukiwa na unyevu, na ukikauka miyaa inanywea, ukili unalegea. Ukishona kabla haujanywea kikapu kitaachia mianya baada ya mwezi. Ufungue, uanike kivulini siku mbili, kisha uuvute kwa mkono pima kwa pima, ukaze pale palipolegea, ndipo ushike shazia. Na ukilowa njiani usiuache kwenye gunia hata usiku mmoja, utaota ukungu.

Kwa mama mkwe wako, mpikie kwanza. Baada ya kula ndipo umwambie.