Ofa za mwisho wa mwaka: nisubiri Black Friday, nishuke Kariakoo au nimalizane hapahapa Dodoma?

Mchapakazi wa Kisasa
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua kompyuta mpakato ya kuhariria na programu zake kabla mwezi huu haujaisha. Matangazo ya punguzo yamejaa kila kona, huyu 30%, yule nusu bei. Nina njia tatu: nisubiri Black Friday, ile Ijumaa ya punguzo ya mwisho wa Novemba, niagize Marekani, nishuke Kariakoo, au nichukue maduka ya hapa mjini. Wapi kuna unafuu wa kweli?

Fundi Nkuhungu
Mkuu, hujataja bajeti wala hujasema unahariri nini. Picha za pasipoti na video ya harusi nzima haziendi kwenye mashine moja. Kamera gani? Tupe maelezo tukusaidie.

Binti Makole
Mimi nasema Kariakoo bila kusubiri majibu. Unapanda treni ya SGR ya asubuhi, nauli 31,000 daraja la kawaida, mchana uko mtaa wa Aggrey. Zunguka maduka hata matano kabla ya kutoa hela, bei ya kwanza siyo bei. Kwa mashine ya zaidi ya milioni, nauli inarudi na chenji inabaki.

Mkazi wa Ihumwa
Hiyo ya Marekani piga hesabu hadi mwisho. Ukishalipia usafiri, VAT ya 18% inapigwa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri wake. Punguzo la dola 100 linaishia hapo. Ikiharibika, garantii iko huko huko ilikotoka.
Halafu kuna bei inayopandishwa Oktoba ili ishushwe Novemba. Kwa Amazon utawakamata kwa Keepa au CamelCamelCamel, zinaonyesha bei ilivyokuwa ikipanda na kushuka miezi ya nyuma. Kwa maduka ya hapa, ulizia bei leo, iandike, urudi wiki ya ofa.

Kaka wa Chang'ombe
Ngoja niwape yaliyonikuta, maana naona watu wanajadili bei tu. Msimu wa Krismasi uliopita nilichukua MacBook Air ya M1 kwenye duka moja, jina naliacha. Iliwekwa bango la ofa, imefungwa nailoni safi, chaja ndani, bei chini ya wenzao kwa laki mbili. Nikaijaribu, ikawaka, nikaondoka nayo.
Ilipiga kazi vizuri. Januari nikaifuta ili nianze upya, nikaunganisha Wi-Fi, kikaja kioo kinachosema mashine hii inasimamiwa na taasisi, na jina la shule ya huko Ulaya limeandikwa kabisa. Haiendi mbele bila nywila yao. Nikarudi dukani. Kijana akaniambia nisiiunganishe na intaneti, nitaitumia tu. Kompyuta ya kazi, nisiiunganishe na intaneti! Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hawakunipa, walinipa karatasi yenye muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Mwenye duka akawa hapokei simu. Mwisho niliiuza kwa fundi akachukua kioo na betri.
Kwa hiyo mashine yoyote iliyotumika, ifutwe mbele yako, iunganishwe na mtandao mbele yako, ifike hadi mwisho. Ndipo utoe hela. Anayekataa, mwache na ofa yake.

Binti Makole
Pole sana kaka. Lakini hayo yanaweza kutokea popote, usiwachafue wote.

Kaka wa Chang'ombe
Sijamchafua mtu dada. Nimesema risiti.

Mchapakazi wa Kisasa
Samahanini, nilikuwa kazini. Bajeti ni 1.8m, nikibanwa sana 2m. Kamera Sony A6400. Kazi ni harusi, sendofu na vipaimara. Desemba nina oda tayari.

Fundi Nkuhungu
Sasa tunaongea. Kamera hiyo inarekodi 4K, kwa hiyo RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, SSD (diski ya kasi), na kadi ya grafiki inayojitegemea kama utaipata. Prosesa ya Intel iwe kuanzia kizazi cha 8. Windows 10 ilikatiwa huduma 14 Oktoba 2025, na vizazi vya 6 na 7 kwa kawaida havikubaliwi rasmi na Windows 11. Tangu hapo nikiona punguzo kubwa kwenye hizo najua stoo inasafishwa.

Kijana wa UDOM
Programu usitoe hata mia. Kwa video, DaVinci Resolve ya bure inatoa hadi 4K. Ukihitaji toleo lake la kulipia, Studio, ni dola 295, unalipa mara moja. Kwa picha, programu ya Affinity imekuwa bure tangu 30 Oktoba 2025.

Mama Matangazo
Mwanangu, wateja wangu wanaleta mafaili ya Photoshop na wanataka yarudi hivyohivyo. Adobe, wenye Photoshop, siwezi kuwakwepa. Ila mleta mada asome masharti: bei ya ofa kwa kawaida ni ya mwaka wa kwanza, na mpango wa mwaka unaolipiwa kila mwezi, ukiuvunja baada ya siku 14, wanakukata nusu ya kilichobaki. Kama una mwanafunzi nyumbani, punguzo la wanafunzi mara nyingi linapita hizi ofa za sikukuu.

Dereva wa Singida
Mnajisumbua. Vijana wanakuwekea Photoshop kwa elfu kumi.

Mama Matangazo
Na virusi juu yake. Video ya harusi ya mtu ikipotea utairudia wapi? Bibi harusi havai shela mara mbili kwa ajili yako.

Dereva wa Singida
Nimetumia miaka yote hiyo na sijapoteza kitu.

Kijana wa UDOM
Naunga mkono hoja ya Mama. Cha bure halali kipo, ya nini kuiba?

Mchapakazi wa Kisasa
Nimeelewa upande wa programu. Mashine bado sijaamua. Kuna anayejua duka la hapa mjini linalotoa EFD na kukubali kuifuta mbele ya mteja?

Binti Makole
Twende Kariakoo, nakuambia.

Mwenyeji wa Kikuyu
Nje ya mada kidogo: umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) gani itabeba kompyuta ya mezani na monita mbili?

Fundi Nkuhungu
Fungua uzi wako mkuu. Kwa haraka: ya 650VA itakupa dakika za kusevu na kuzima, si za kufanyia kazi. Monita zina inchi ngapi?