Betri ya baiskeli ya umeme imechoka ghafla, wajuzi naomba msaada (niko Tabora)

Kijana wa Isevya: Wakuu habari za jioni. Nina baiskeli ya umeme ya volti 48, nilikuwa naenda nayo kazini Ipuli na kurudi siku tatu sijagusa chaja. Mwezi wa tisa nikaenda Sikonge kwa mzee kwenye asali, nikakaa miezi miwili na ushee, sasa kabla sijaondoka nikaichaji ikajaa kabisa nikaiweka juu ya kabati nikajua nimefanya la maana. Nyumba yangu bati tupu haina dari, na Tabora ya mwezi wa kumi mnaijua. Nimerudi, siku moja na nusu kwisha. Nimeiua mwenyewe au?

Kapuku_01: Uza mkuu, nunua Phoenix, yangu naichaji kwa ugali na maziwa mgando 😂

Fundi Nyaya: Pole. Betri gani hiyo? Soma kibandiko cha chaja, pale kwenye output imeandikwa ngapi?

Kijana wa Isevya: 54.6

Fundi Nyaya: Basi ni lithiamu, volti 54.6 gawa kwa 4.2, ambazo ni volti za seli moja (kibetri kidogo cha ndani) ikijaa, unapata seli 13. Lithiamu haipendi joto na haipendi kukaa imejaa, we umeipa vyote viwili miezi miwili juu ya kabati chini ya bati, yaani umeioka. Kilichopungua hakirudi, linda kilichobaki. Ukisafiri iache nusu, ukipima na mita isome 48 hivi, iweke sakafuni kwenye kona yenye ubaridi, na mtu aiangalie kila mwezi maana ikishuka mpaka chini kabisa nayo inakufa.

Kijana wa Isevya: Na siku za kawaida? Huwa nachomeka nikifika tu, nachomoa alfajiri.

Fundi Nyaya: Kumbe! Subiri ipoe kwanza. Halafu sio lazima ijae kila siku, asilimia 80 inatosha, chaja yako haijui kusimama hapo kwahiyo pima, ikifika volti 52 na pointi chomoa. Ila mara mojamoja ijaze mpaka mwisho seli zilingane. Na usichajie chini ya kitanda, nimeona watu.

Mama Mwanga: Mbona mimi huku Kigoma fundi kaniambia niiache imejaa? Nani muongo?

Fundi Nyaya: Dada yako si ile yenye vibetri vinne vizito vya volti 12? Hiyo ya asidi, sheria yake kinyume. Ikikaa bila chaji sahani za ndani zinaota chumvi nyeupe, basi tena. Fundi wako yuko sahihi.

Mama Mwanga: Ndio vinne, kuinua tu kiuno kinaomba po. Asante.

Kijana wa Isevya: Nimeishusha kabatini saa hizi, saa mbili usiku, bado ya moto mkononi jamani. Mita ya jirani inasoma 54.1. Ngoja niende nayo Ng'ambo kula mishkaki ishuke shuke.